Nukta Moja Ni Nini? Majibu kuhusu chati za bei na maoni ya watu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wenye takwimu za uchumi upande mmoja na za maoni ya wananchi upande wa pili, wakitaka kujua kama zinasemezana. Tumechagua sita. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zenye mitego mingi.

SWALI. Wataalamu, habari za kazi. Mimi ni mwandishi wa habari za biashara hapa Nakuru. Mfumuko wa bei nchini Kenya ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, ukashuka hadi 6.9 Oktoba 2023, kisha 2.7 Oktoba 2024. Lakini kila ninayemhoji sokoni ananiambia maisha bado ni magumu. Nimechora mstari wa mfumuko na mstari wa maoni kwenye chati moja: mmoja unateremka, mwingine umekaa palepale. Je, watu wanatia chumvi, au takwimu ndizo zenye kasoro?

JIBU. Watu hawatii chumvi, na takwimu ni sahihi. Chati yako ndiyo imelinganisha vitu viwili visivyolingana. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Kasi ikipungua kutoka 9.6 hadi 2.7, bei hazijashuka hata kidogo: zinaendelea kupanda, ila polepole, tena kuanzia pale juu zilikokwisha kufika.

Geuza takwimu zako tatu ziwe ngazi ya bei uone. Weka Oktoba 2021 kuwa 100. Mwaka mmoja baadaye ni 109.6. Zidisha kwa 1.069, unapata 117.2 kwa Oktoba 2023. Zidisha tena kwa 1.027, unapata 120.3 kwa Oktoba 2024. Maana yake ni kwamba bidhaa na huduma zilizogharimu shilingi 1,000 mwaka 2021 ziligharimu takriban shilingi 1,203 miaka mitatu baadaye. Mama aliyekuambia maisha ni magumu analinganisha hiyo 1,203 na kipato chake. Kama kipato chake hakikupanda kwa thamani ya moja juu ya tano, ana haki ya kusema hivyo, mfumuko uwe 2.7 au hata sifuri.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, rudi kwenye dodoso usome swali lenyewe lilivyoulizwa. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika, kwa mfano, wana swali linalomtaka mtu alinganishe hali ya uchumi ya sasa na ya miezi 12 iliyopita, na lingine linalouliza hali yake ya maisha ilivyo sasa hivi. Swali la kwanza lioanishe na mabadiliko ya bei ya miezi 12. La pili lioanishe na ngazi ya bei, au bora zaidi, na kipato kilichogawanywa kwa fahirisi ya bei (namba inayoonyesha ngazi ya bei ukiweka kipindi fulani kuwa 100, kama tulivyofanya hapo juu). Ukiyabadilisha nafasi, chati itakuonyesha mgongano ambao haupo.

Kwenye jedwali lako la kompyuta, panga hivi: safu A mwezi, safu B fahirisi ya bei za walaji kama inavyotolewa na Shirika la Takwimu la Kenya (ile ya sasa inaanzia Februari 2019 = 100), safu C mabadiliko ya miezi 12, safu D asilimia ya waliosema hali ni mbaya. Kama mwezi wa kwanza uko mstari wa 2, mwezi huohuo wa mwaka unaofuata utakuwa mstari wa 14, hivyo kwenye C14 andika =(B14/B2-1)*100 kisha vuta chini. Mstari mmoja wa mwezi ukikosekana katikati, hesabu 12 zinazofuata zitalinganisha miezi 13 badala ya 12 bila wewe kujua. Hakikisha miezi yote ipo, hata kama kisanduku cha maoni kitabaki kitupu.

Maoni yaweke kwenye mwezi ambao watu walihojiwa. Ripoti mara nyingi hutoka miezi kadhaa baada ya mahojiano, na wengi huchukua tarehe ya jalada. Bei zinapopanda kwa kasi, kosa la miezi minne linatosha kugeuza mwelekeo wa nukta zako.

Jambo la mwisho kwako: achana na chati yenye mihimili miwili ya wima, mmoja kushoto na mwingine kulia. Ukianza mhimili wa kulia kwenye 40 badala ya 0, mistari inakutana. Ukiunyoosha hadi 100, inaachana. Msomaji ataamini kukutana huko, kumbe umekuchagua wewe. Chora chati mbili, moja juu ya nyingine, zenye mhimili mmoja wa miezi. Jicho litapanda na kushuka lenyewe.

SWALI. Shikamooni. Niko Columbus, Ohio, nasoma shahada ya pili ya sera za umma. Mwalimu wetu ametupa takwimu za kila mwezi za fahirisi ya imani ya walaji ya Chuo Kikuu cha Michigan (kipimo cha jinsi watu wanavyouona uchumi), anataka tuonyeshe uhusiano wake na ukosefu wa ajira Marekani. Chati yangu ya mtawanyiko (kila mwezi ni nukta moja, ukosefu wa ajira kwenye mlalo na imani kwenye wima) haina umbo lolote, nukta zimetapakaa tu. Nimekosea wapi?

JIBU. Marahaba. Hujakosea. Hizo nukta zilizotapakaa zina jambo la kukueleza, lakini haziwezi kulieleza kama hazina majina.

Chukua miezi miwili uiandike pembeni ya nukta zake. Februari 2020 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.5 na fahirisi ilikuwa 101.0. Juni 2022 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.6, karibu sawasawa kabisa, lakini fahirisi ilikuwa imeporomoka hadi 50.0. Kwenye mhimili wa mlalo nukta hizi zinagusana. Kwenye wima zimetengana kwa pointi 51. Basi kuna kitu kingine kilichobadilika kati ya miezi hiyo, na mhimili wako haukioni.

Badilisha mhimili wa mlalo uweke mfumuko wa bei. Februari 2020 ulikuwa asilimia 2.3, Juni 2022 ulikuwa 9.1, wa juu kuliko wakati wowote tangu 1981. Sasa nukta zile mbili zinakaa sawa: bei juu, imani chini. Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika hitimisho. Ongeza Aprili 2020, mwezi wa janga la korona: mfumuko ulikuwa asilimia 0.3 tu, lakini fahirisi ilikuwa 71.8, chini sana ya ilivyokuwa Februari. Nukta hiyo inakataa kukaa kwenye mstari wako mpya, kwa sababu mwezi huo ukosefu wa ajira ulikuwa umefika karibu asilimia 15.

Dawa yake ni kuweka mfumuko kwenye mlalo, imani kwenye wima, na ukosefu wa ajira uwe rangi ya nukta: nyepesi kwa chini ya 5, ya kati kwa 5 hadi 8, nzito kwa zaidi ya 8. Rangi moja ikikolezwa polepole inasomeka. Usitumie upinde wa mvua mzima. Utaona nukta nzito zimekaa chini ya zile nyepesi hata pale mfumuko unapolingana, na hilo ndilo umbo ulilokuwa unalitafuta.

Kuna kipimo cha zamani kinachohusishwa na mwanauchumi Arthur Okun, cha kujumlisha ukosefu wa ajira na mfumuko. Kijaribu kwenye miezi hiyo mitatu: Februari 2020 ni 5.8, Juni 2022 ni 12.7, Aprili 2020 ni karibu 15. Kwa hesabu hiyo Aprili 2020 ndio ulipaswa kuwa mwezi wa huzuni kuliko yote mitatu, lakini watu walikuwa na majonzi zaidi Juni 2022. Inaelekea pointi moja ya mfumuko iliwauma zaidi ya pointi moja ya ukosefu wa ajira. Mfumuko unamgusa kila anayenunua mafuta ya gari. Ukosefu wa ajira unamuumiza vibaya mno, lakini ni yule aliyepoteza kazi na walio karibu naye. Hapo una wazo la kupima. Miezi mitatu haithibitishi kitu, kwa hiyo ipeleke hoja hiyo kwenye miaka ya 1970 na 1980 uone kama inasimama.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, unganisha nukta kwa mstari mwembamba unaofuata mpangilio wa miezi, uandike mwaka kila Januari. Chati ya namna hii huonyesha uchumi ukienda na kurudi kwa njia tofauti, jambo ambalo nukta tupu hulificha. Pili, tenganisha wanachama wa Republican na wa Democrat ikiwa mwalimu amewapa safu hiyo. Ikulu ikibadilisha chama, makundi haya mawili hubadilishana hisia ndani ya wiki chache huku bei na ajira zikiwa vilevile, na wastani wa taifa hausogei sana. Ukichora wastani peke yake utadhani hakuna kilichotokea.

SWALI. Ndugu mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu Dodoma. Nimepakua data za Afrobarometer za Tanzania. Nikichora chati ya mtawanyiko ya maswali mawili napata nukta 25 zilizopangana kama dama, wakati watu waliohojiwa wanazidi elfu mbili. Halafu wastani wa swali moja umetoka mkubwa kuliko nilivyotegemea. Naomba msaada, muda umenibana.

JIBU. Tuanze na wastani, maana hilo likibaki, mengine yote yataharibika. Majibu ya "sijui", "nakataa kujibu" na yale yaliyokosekana nayo yamepewa namba, kama 9, 8 na -1. Kompyuta haijui kwamba 9 ni "sijui". Inaijumlisha kama alama. Tuseme watu 90 wana wastani wa 2.0 kwenye kipimo cha 1 hadi 5, na wengine 10 walisema hawajui. Jumla ni 180 na 90, gawanya kwa 100, unapata 2.7. Umeongeza saba ya kumi bila mtu yeyote kubadili maoni. Fungua kitabu cha misimbo (orodha ya maana ya kila namba kwenye data), angalia kila swali namba zake (kwenye umri huwa ni za tarakimu tatu, kama 998 na 999), uzifute ziwe visanduku vitupu kabla ya hesabu yoyote. Usiweke sifuri, kwa kuwa sifuri nayo ni jibu kwenye baadhi ya maswali.

Nukta 25 zinatokana na maswali yenye ngazi tano kila moja: tano mara tano. Watu mia tatu waliojibu sawasawa wamelaliana juu ya nukta moja. Unaweza kuwatikisa kidogo: kwenye safu mpya andika =B2+(RAND()-0.5)*0.6, fanya hivyo kwa swali la pili pia, kisha nakili safu hizo na uzibandike kama namba tupu, la sivyo zitabadilika kila unapogusa jedwali. Punguza ukolevu wa nukta hadi kama asilimia 15. Utapata mawingu 25, mazito kwa mepesi. Hii ni kwa macho yako tu wakati wa kutafuta. Usiiweke kwenye tasnifu.

Cha kuweka kwenye tasnifu ni jedwali la asilimia za mlalo. Chukua kila kundi la swali la kwanza, uonyeshe asilimia ngapi ya kundi hilo walijibu nini kwenye swali la pili, kila mlalo ujumlike 100, halafu uchore pau zilizogawanywa. Ukitumia idadi badala ya asilimia, kundi kubwa litaonekana lina maoni makali kwa sababu tu lina watu wengi.

Na usisahau uzito, yaani namba ya kila mhojiwa inayosawazisha makundi yaliyohojiwa zaidi au pungufu ya sehemu yao kwenye jamii. Data hizo zina safu ambayo jina lake huanza na withinwt. Kama majibu yako D2 hadi D2401 na uzito uko E2 hadi E2401, wastani sahihi ni =SUMPRODUCT(D2:D2401;E2:E2401)/SUM(E2:E2401), baada ya kuondoa mistari yenye majibu matupu kwenye safu zote mbili. Ukiacha uzito wa waliokosa jibu ndani ya mgawanyo, wastani utashuka bure. (Baadhi ya kompyuta zinataka koma mahali pa nukta-mkato.)

Kama bado unataka chati ya mtawanyiko yenye maana, tumia maswali matano ya ukosefu wa mahitaji: mara ngapi kaya ilikosa chakula cha kutosha, maji safi, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, na fedha taslimu. Kila moja lina alama 0 hadi 4. Ukijumlisha unapata kipimo cha 0 hadi 20, yaani ngazi 21 badala ya tano. Kwa kila ngazi piga hesabu ya asilimia ya watu waliosema, kwa mfano, kwamba serikali inashughulikia vibaya suala la bei, kisha uchore nukta 21. Ngazi za juu zitakuwa na watu wachache; zenye chini ya 30 ziunganishe na jirani yake, la sivyo nukta za mwisho zitarukaruka na wewe utaanza kuzitungia maelezo. Usimpe alama mtu aliyejibu manne kati ya matano bila kusema umefanyaje. Tunashauri umwondoe, na useme umeondoa wangapi.

SWALI. Wahariri wapendwa, nafanya kazi ya mipango kwenye mkoa mmoja wa kusini mwa Tanzania. Tumechora mikoa yote: umaskini kwenye mlalo, kuridhika na huduma kwenye wima. Mstari unapanda. Je, tunaweza kuandika kwamba watu maskini wanaridhika zaidi?

JIBU. Hapana, Bwana Mipango. Nukta yako ni mkoa, si mtu. Chati inasema mikoa yenye umaskini mwingi ina watu wengi zaidi walioridhika. Kwamba walioridhika ndio haohao maskini, haisemi.

Hili lilionyeshwa wazi na W. S. Robinson mwaka 1950 kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1930. Alipochora kwa majimbo, yale yenye wahamiaji wengi waliozaliwa nje yalikuwa na wasiojua kusoma wachache: uwiano (kipimo cha -1 hadi +1 cha vitu viwili vinavyokwenda pamoja) wa -0.53. Alipohesabu mtu mmojammoja, ikawa kinyume: waliozaliwa nje ndio waliokuwa na uwezekano zaidi wa kutojua kusoma, uwiano wa +0.12. Sababu ni kwamba wahamiaji walikwenda kukaa kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Ukitaka kusema habari za watu, chora watu, ndani ya kila mkoa.

Angalia pia ukubwa wa sampuli. Watu 2,400 wakigawanywa sawasawa kwa mikoa 31 ya Bara na Zanzibar, kila mkoa una kama 77. Kiwango cha makosa kwa watu 77 ni takriban pointi 11 juu au chini, na kwa kweli ni zaidi, kwa sababu Afrobarometer huhoji watu 8 kwenye kila eneo la kuhesabia, kwa hiyo hao 77 wametoka maeneo kama 10 tu, na majirani hufanana. Mkoa wenye 58 na wenye 66 huwezi kuwapanga nani kamzidi nani. Chora mstari wa makosa kwenye kila nukta. Kama mistari yote inapishana, kuwa mwangalifu sana kabla ya kuandika kwamba kuna uhusiano.

Halafu Dar es Salaam. Sensa ya 2022 iliipa zaidi ya watu milioni 5.3, Katavi milioni 1.1 na ushei. Kwenye chati yako zote ni nukta moja moja. Fanya ukubwa wa nukta ufuate idadi ya watu, na uchore mstari wa mwelekeo mara mbili, ukiwa na Dar na bila Dar. Mstari ukilala pale Dar inapotoka, ripoti yako inahusu Dar peke yake.

SWALI. Uwiano ukifika 0.8 inatosha? Niko Mombasa, bosi anataka namba moja tu.

JIBU. Mpe namba, lakini ambatisha chati. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitengeneza seti nne za nukta 11, zote zikiwa na wastani wa 9 kwenye mlalo, 7.5 kwenye wima, na uwiano wa 0.82. Moja ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari ulionyooka ulioharibiwa na nukta moja, na ya nne haina uhusiano wowote isipokuwa nukta moja iliyokaa mbali peke yake. Fomula ya CORREL, inayopiga uwiano kwenye jedwali la kompyuta, haizitofautishi hata kidogo.

Na kama data zako ni za miaka mfululizo, jihadhari zaidi. Udny Yule alionyesha mwaka 1926 kwamba kati ya 1866 na 1911 kiwango cha vifo Uingereza na sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana vilikuwa na uwiano wa 0.95. Vyote vilikuwa vinashuka, basi. Chukua mabadiliko ya mwaka hadi mwaka badala ya ngazi, piga uwiano upya. Ukiporomoka kutoka 0.8 hadi 0.1, ulichokuwa nacho ni kalenda.

SWALI. Nina matokeo ya utafiti wa ana kwa ana wa miaka ya nyuma na ya simu ya miaka ya karibuni. Naweza kuyaunganisha kwa mstari mmoja? Msomaji, Kampala.

JIBU. Ukate mstari pale mbinu inapobadilika. Acha nafasi tupu na andika kwenye chati yenyewe "kuanzia hapa: simu". Wenye simu hawafanani na wasio nayo kwa kipato, makazi wala jinsia. Ndiyo maana shirika la Twaweza walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa simu, Tanzania, waliwagawia washiriki simu na chaja za sola, ili asiye na simu asibaki nje. Isitoshe, mtu husema mengine akitazamwa usoni na mengine akiwa kwenye simu. Hata Chuo Kikuu cha Michigan, kwenye utafiti wao wa imani ya walaji, walipohama kutoka simu kwenda intaneti mwaka 2024, walipitia miezi ya kutumia njia zote mbili pamoja ili waone tofauti inayotokana na njia yenyewe. Kama utafiti wako una kipindi cha namna hiyo ambapo njia zote mbili zilitumika, chora nukta zote mbili za kipindi hicho kwa alama tofauti, duara na pembetatu. Pengo kati yake ndilo utakaloliondoa kabla ya kusema maoni yamepanda au yameshuka. Kama hakuna, linganisha mwelekeo ndani ya kila kipande, na usiandike chochote kuhusu mruko wa katikati.